Kijiji cha sayansi hakianzi na viwanja

Kila anayekuja kuomba ushauri wa kujenga kijiji cha sayansi, yaani eneo la kampuni za teknolojia na watafiti, hapa Tanga huja na ramani ya viwanja kwapani. Geti lipo, lami ipo, jengo la vioo lipo, hata pa mgeni rasmi kukatia utepe pameshachorwa. Nikiuliza nani atafanya kazi humo, jibu ni lile lile: "Watakuja tu." Jamani, nimechoka.

Dhana: Jenga kwanza, wanasayansi watafuata

Hawafuati. Mfano ninaotajiwa sana ni Hsinchu ya Taiwan, iliyofunguliwa 1980. Kinachorukwa ni kwamba ITRI, taasisi ya utafiti wa viwanda, ilikuwapo tangu 1973, na vyuo vikuu viwili vilivyobobea kwenye sayansi na uhandisi vilikuwa jirani. Wahandisi walishapelekwa Marekani kujifunza kutengeneza chipu. Ndipo zikazaliwa kampuni za chipu, UMC mwaka 1980, na TSMC 1987, zote mbili kutoka ITRI. Yaani uzio ulizungushiwa watu waliokuwa kazini tayari. Hapo jirani, Konza, mji wa teknolojia wa Kenya, ilitengewa ekari 5,000, jiwe la msingi likawekwa 2013. Miaka kadhaa baadaye sehemu kubwa ilikuwa bado nyika.

Sisi tuna nini? Tuna Mlingano, pale Muheza, kituo cha utafiti wa mkonge. Chotara namba 11648, ulioboreshwa kwenye vituo vya Amani na Mlingano, ndio mkonge unaotawala mashamba ya China. Halafu nenda kasimame kwenye korona yoyote mkoani, mashine ya kuchakata mkonge: singa zinazotoka kwenye jani hazizidi asilimia 5. Kilichobaki ni uji wa kijani unaotiririka mferejini na kunuka. Hale ulishajengwa mtambo wa kuugeuza biogesi, kwa hiyo si ndoto. Mkinipa mimi fedha za geti, nazipeleka maabara ya Mlingano zote, na wenye mashamba nawaita mezani siku hiyo hiyo.

Dhana: Matunda yataonekana kabla ya uchaguzi

Research Triangle Park, kijiji cha sayansi cha Marekani, ilianzishwa 1959, katikati ya vyuo vikuu vitatu. IBM, kampuni kubwa ya kompyuta, ilitangaza kwenda huko 1965. Poleni, waheshimiwa.

Dhana: Msamaha wa kodi ndio chambo

Kodi ya mapato hutozwa kwenye faida. Kampuni changa haina faida, unaisamehe nini? Inataka vipimo, umeme usiokatika na mteja wa kwanza.

Dhana: Tuuze viwanja, halmashauri ipate hela

Stanford, chuo kikuu cha Marekani, haikuuza. Mwanzilishi wake alikataza ardhi ile isiuzwe, hivyo kuanzia 1951 chuo kikawa kinakodisha kwa kampuni za teknolojia, kikachagua wapangaji. Ukiuza, kesho utakuta ghala la saruji na huna la kumwambia mwenye nalo. Kodisha, na mkataba utaje kazi itakayofanyika humo. Akibadili matumizi, anaondoka.