Fleti kwenye Tangazo na Fleti kwenye Daftari: Kwa Nini Hazilingani

Kadiri fleti zinavyozidi kujengwa Milimani, Section 58, Naka na Kiamunyi, ndivyo dawati letu la uthamini la kaunti hapa Nakuru linavyozidi kupokea malalamiko ya aina moja: mnunuzi ameona tangazo, amelipa amana, kisha rekodi za serikali zikamwambia jingine. Wengi hufika wakiwa wameshaamua kwamba wametapeliwa. Wapo waliotapeliwa kweli. Lakini tofauti nyingi tunazoletewa zina maelezo, na maelezo hayo yangepatikana kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Nianze na lile linalotuchosha zaidi. Mtu analeta nakala ya daftari la uthamini la kaunti. Kiwanja kimeandikwa shilingi milioni 3, naye muuzaji anataka milioni 9 kwa fleti moja. Anauliza hiyo milioni 6 imetoka wapi. Ndugu mwananchi, daftari lile halikuthamini fleti yako. Kama ilivyo desturi nchini, linathamini ardhi tupu, kana kwamba hakuna hata tofali moja juu yake, tena kwa bei za wakati lilipotayarishwa. Kazi yake ni kukokotoa reti, yaani kodi za ardhi ambazo kaunti imeruhusiwa kutoza na kifungu cha 209 cha Katiba. Kiwanja kinaweza kubeba fleti 20 na daftari lisitaje hata moja. Kulitumia kumshusha muuzaji bei ni kupoteza muda wako, wake na wetu.

Kwenye ukubwa wa nyumba, hapo mnunuzi ana haki ya kuwa mkali. Chukua mfano wa tangazo linalosema futi za mraba 1,500 kwa shilingi milioni 9. Ramani ya mgawanyo wa jengo iliyosajiliwa inaonyesha mita za mraba 112. Mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76, kwa hiyo nyumba hiyo ina futi 1,206 hivi. Kwa hesabu ya tangazo ulikuwa unalipa shilingi 6,000 kwa kila futi. Kwa hesabu ya ramani unalipa karibu 7,460. Zile futi 294 mara nyingi ni roshani, sehemu ya ukumbi wa kupitia, ngazi, wakati mwingine hata nafasi ya kuegesha gari. Utazitumia, ndiyo, lakini ngazi na kumbi ni mali ya wote, na huwezi kuziuza wala kuzifungia. Egesho nalo liulizie kivyake: je, limeandikwa kuwa lako, au ni ahadi ya mlinzi wa getini?

Ramani ninayoitaja inatokana na Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Huandaliwa na mpima ardhi, huidhinishwa na kaunti, kisha husajiliwa na msajili wa ardhi. Inaonyesha mipaka ya kila nyumba, eneo lake la sakafu, na fungu lake katika mali ya pamoja. Ikishasajiliwa, kila nyumba hupata hati yake. Omba hiyo. Mchoro wa rangi wenye sofa na maua ni wa kuvutia wateja.

“Hati ipo tayari” ni maneno ya kuchunguzwa. Mara nyingi hati iliyopo ni hati mama ya kiwanja kizima, kwa jina la mjenzi, na huenda imewekwa rehani benki. Wengine wanauza kwa mikataba mirefu ya upangaji ya mtindo wa zamani, ambayo sheria hiyo ya 2020 ilitoa miaka miwili ibadilishwe. Sachi rasmi, yaani upekuzi wa rekodi katika ofisi ya msajili wa ardhi, itakuonyesha mmiliki, rehani na vizuizi vilivyosajiliwa. Ifanye mwenyewe au kupitia wakili wako, kwa nambari kamili ya kiwanja. Cheti cha sachi ulichotumiwa na dalali kwa simu usikitegemee. Na tafadhali, hati haitolewi na kaunti. Msajili ni wa serikali kuu. Sisi ni reti, uthamini na vibali vya ujenzi.

Kuhusu vibali: jengo linaweza kuidhinishwa kuwa la ghorofa nne na likasimama na sita. Nyumba za juu zitatangazwa kama nyingine zote, ila mgawanyo wake utakwama. Kujenga bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 57: faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Anayeshtakiwa ni mjenzi, lakini aliyekwama na nyumba ni wewe.

Kisha reti. Kwa kawaida msajili hasajili uhamisho bila cheti cha kaunti kuonyesha reti zimelipwa. Pale ambapo nyumba bado ziko chini ya hati mama, deni ni la kiwanja kizima. Unaweza kuwa umelipa bei yote na bado usisogee, kwa sababu mjenzi hajalipa reti kwa miaka. Taarifa ya reti iombwe kabla ya amana. Watu huiomba siku ya kuhamisha, halafu wanatukasirikia sisi.

Bei nayo hutofautiana kwa makusudi. Tangazo milioni 9, mkataba milioni 6, ili ushuru upungue. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 nje ya miji, na mthamini wa serikali hukadiria thamani yake mwenyewe. Akisema milioni 8.5, utalipa 340,000 badala ya zile 240,000 ulizopanga. Na siku utakapouza kwa milioni 11, kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, itaanza kuhesabiwa kutoka milioni 6 uliyoandika: 750,000, badala ya 300,000, kabla ya kutoa gharama nyingine. Muuzaji aliyekushawishi atakuwa ameshasahau jina lako. Isitoshe, kutoa taarifa ya uongo kwa kujua katika shughuli ya ardhi ni kosa chini ya kifungu cha 103 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012: faini hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka mitano, au vyote.

Mkataba wa kununua ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Kwa hiyo ukubwa, egesho na idadi ya vyumba viingizwe humo, kwa mita, kama ramani inavyosema.

Ukija kulalamika, leta nambari ya kiwanja, cheti cha sachi, mkataba, risiti na tangazo lenyewe likiwa na tarehe. Picha ya tangazo peke yake haitufikishi popote, na faili haitafunguliwa kwayo.