Wiki ya 29 matako yametangulia? Liacheni hilo tumbo

Wiki hii tena: "Dada nesi, utrasaundi imeonyesha mtoto ametanguliza matako, nielekeze kwa bibi anayejua kumgeuza." Mimba ina wiki ngapi? 29. Haya, leo naandika, kesho atakayeuliza nitamtumia hii.

Wiki ya 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano ametanguliza matako. Mimba ikikomaa wanabaki watatu au wanne kwa kila mia. Waliobaki wamegeuka wenyewe. Sifa za bibi zinatoka hapo hapo: anakanda wiki ya 30, mtoto anageuka wiki ya 33 kwa hiari yake, kuku anakwenda kwa bibi. Kukanda kwa nguvu kunaweza kubandua kondo, na mwenye kovu la upasuaji ndiye asijaribu kabisa. Kabla ya wiki ya 36 mimi naandika kwenye kadi kilichotangulia, kichwa au matako, kisha nahangaika na presha na wekundu wa damu. Hivyo ndivyo vya kukukosesha usingizi.

Kuna jambo vitabu hulipitia haraka: mikono inayopapasa tumbo hukosea. Kitabuni kichwa ni kigumu, cha duara, ukikisukuma kidogo kinacheza peke yake; matako ni mapana, laini, yakisogea mwili wote unafuata. Kwenye tumbo halisi kuna kibofu kilichojaa (nenda chooni kwanza, jamani, halafu kunja magoti), maji mengi, kondo lililokaa mbele, au mama aliyekaza misuli kwa sababu mikono yangu ni ya baridi. Matako yaliyoshuka vizuri kwenye nyonga hujifanya kichwa. Fetoskopu, kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto, husaidia: mapigo yakisikika vizuri zaidi juu ya kitovu, nashuku matako, chini ya kitovu, nashuku kichwa. Nashuku tu. Hata mateke hayaaminiki. Yakipiga mbavuni ni dalili njema, yakipiga kibofu unajiuliza, lakini kondo likiwa mbele huenda usiyasikie vizuri hata kidogo. Kwa hiyo wiki ya 36 nikiwa na shaka nasema nina shaka, na naomba utrasaundi. Mkunga asiyewahi kuwa na shaka mimi namwogopa.

Halafu kuna hili linalonipandisha presha: "Kichwa hakijashuka, basi mtoto amekaa vibaya." Hapana! Kutangulia ni jambo moja, kushuka ni jingine. Mimba ya kwanza kichwa mara nyingi hushuka wiki chache kabla ya uchungu. Aliyekwisha kuzaa, kinaweza kuelea hadi siku ya uchungu wenyewe na akajifungua salama. Kikielea kwa mimba ya kwanza iliyokomaa, tunatafuta sababu: pengine wiki zimehesabiwa vibaya, pengine kondo limekaa njiani, pengine nyonga ni finyu, na mara nyingi hatuoni chochote. Na kichwa chini huku mgongo wa mtoto ukielekea mgongo wa mama? Uchungu huwa mrefu na kiuno huuma sana, lakini wengi huzunguka wenyewe leba.

Matako yakithibitika wiki ya 36, uliza kama hospitali yako inamgeuza mtoto kwa kusukuma tumbo kwa nje. Si zote. Hufanywa kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza, 37 kwa waliokwisha kuzaa, karibu na chumba cha upasuaji, mapigo yakipimwa kabla na baada. Takribani nusu ya watoto hukubali kugeuka, mimba ya kwanza kidogo zaidi hukataa. Mwenye damu kundi la negatifu achomwe sindano yake ya anti-D. Pacha, kondo lililoziba njia, kutokwa damu au chupa kupasuka: haifanyiki. Kuinua matako kwa kupiga magoti nyumbani hakujathibitishwa kuwa kunageuza mtoto. Ukijisikia vizuri fanya, ukichoka acha.

Kinachonitisha kweli ni mtoto aliyekingama baada ya wiki ya 37, au anayebadilika kila kliniki, leo kichwa, wiki ijayo ubavu. Huwapata zaidi waliozaa mara nyingi. Hapo usisubiri uchungu nyumbani. Kama unaishi Chemba au Bahi vijijini, mkoani Dodoma, na ni masika, korongo likijaa hakuna gari wala bodaboda itakayovuka. Hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali yenye upasuaji, zahanati haitoshi. Chupa ikipasuka, kamba ya kitovu inaweza kutangulia. Ukiiona au kuihisi ukeni, usiirudishe na usiishikeshike: piga magoti, kifua kitandani, matako juu, mtu mwingine atafute gari. Ndani ya gari lala ubavu, mto chini ya nyonga, na mpige simu leba wawe tayari kabla hamjafika.