Kusoma maji ya Usangu kwa setilaiti

Picha ya setilaiti haipimi maji. Inaonyesha eneo lililofunikwa na maji, na tofauti hiyo inapotosha hesabu nyingi za Mto Ruaha Mkuu, katika bonde la Rufiji.

Ardhioevu ya Ihefu, katika tambarare za Usangu, hutoa maji yake kwenda mtoni mahali paitwapo Ng'iriama, kwa kuvuka kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba huo mto hukatika, ilhali Ihefu yenyewe bado ina maji. Upande wa juu wa mwamba picha inaonyesha maji tele. Upande wa chini wa mto, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wamebanana kwenye madimbwi ya mwisho. Kwa hiyo eneo la Ihefu lisomwe daima pamoja na kipimo cha kina cha hapo Ng'iriama.

Kiangazi tumia Sentinel-2, setilaiti inayopiga picha kwa mwanga wa jua. Chukua bendi (tabaka la picha la rangi moja ya mwanga) ya kijani (B3) na ya infraredi ya karibu (B8), zote za pikseli (nukta za picha) za mita 10: toa B8 kwenye B3, kisha gawa kwa jumla ya hizo mbili. Kwenye maji ya wazi jibu kwa kawaida huzidi sifuri, ila maji ya tope la mvua za kwanza huweza kushuka chini yake, na kivuli cha wingu hufanana sana na maji. Futa mawingu na vivuli kwanza, ndipo uamue thamani ya kutenga maji na nchi kavu.

Kuanzia Novemba mawingu yanafunga, hivyo hamia kwenye rada ya setilaiti ya Sentinel-1, inayopenya mawingu. Maji yaliyotulia huonekana meusi kwa sababu mawimbi ya rada huteleza juu yake yasirudi. Upepo ukiyachafua, weusi unapotea. Kwenye nyasi na matete machache, wimbi hugonga maji, likagonga shina, likarudi na nguvu: pikseli inang'aa. Anayetafuta weusi pekee ataikosa sehemu kubwa ya Ihefu. Matete yakisongamana, wimbi la sentimita 5.6 halifiki hata kwenye maji. Majaruba ya mpunga nayo huanza meusi yakijazwa, kisha hung'aa kadiri mpunga unavyokua. Picha moja haitoshi, panga picha za msimu mzima kwa mfuatano.

Bwawa la Mtera, chini zaidi kwenye mto huohuo, ni rahisi zaidi. Ni pana na lina kingo tambarare, hivyo kina kikibadilika kidogo tu ufuko unasogea mbali. Geuza eneo kuwa ujazo kwa jedwali la bwawa, linaloonyesha kila eneo lina ujazo gani, lakini angalia lilipimwa lini: mashapo yakishainua sakafu, jedwali la zamani litakupa maji ambayo hayapo.