Elfu moja chini ya kitanda: dhana potofu za wanaojichapishia vitabu

Mwezi huu wamenijia tena. Mmoja na tamthilia, mwingine na diwani, mwingine na kumbukumbu za babu yake aliyekuwa askari. Na kabla hata sijaufungua muswada, idadi ya nakala imeshaamuliwa: elfu moja. "Ssebo (bwana), elfu moja inakuja rahisi." Najichapishia vitabu vyangu hapa Kampala na huwapangia wengine kurasa, na neno hilo nimelisikia hadi limenichosha. Basi naliandika, ili anayefuata alisome kwanza, chai tutakunywa baadaye.

Dhana: Ukichapa nyingi unaokoa pesa

Kinachoshuka ni bei ya nakala moja. Pesa inayokutoka mfukoni haishuki hata kidogo.

Mashine ya ofseti ina gharama za kuanzia: kutengeneza pleti (mabamba yenye sura ya kurasa zako), kuitega mashine, na karatasi zinazoharibika mpaka wino ukae sawa. Gharama hizo ni zilezile uchape nakala 100 au 5,000. Ukizigawanya kwa nakala nyingi, kila moja inaonekana ya bei ya chini. Fundi wa Nasser Road, mtaa wetu wa wachapaji, akikueleza hivyo hakudanganyi. Yeye anauza kazi ya kuchapa. Kazi ya kukiuza kitabu amekuachia wewe, na hilo hakuna anayemuuliza.

Tupige hesabu ya mfano. Gharama za kuanzia ziwe shilingi 1,500,000, na kila nakala igharimu 6,000 nyingine. Nakala 1,000 zitakutoa 7,500,000, yaani 7,500 kila moja. Mashine ya dijitali, isiyohitaji pleti, ikuchapie kwa 15,000 kila nakala. Hapo mteja wangu anaruka: dijitali ni wizi!

Haya, tuuze. Kitabu ni 25,000, nawe umeuza nakala 150 kwa mkono wako, kanisani, msikitini, kazini, kwa jamaa. Kwa mwandishi asiyejulikana, 150 si haba. Umekusanya 3,750,000. Aliyechapa elfu moja amerudisha nusu ya mtaji wake na amebaki na nakala 850. Aliyechapa dijitali nakala 100, zikaisha, akaongeza 50, ametumia 2,250,000 na mkononi ana faida ya 1,500,000. Sasa niambie mwizi ni nani.

Mtu atasema: nitapeleka madukani. Peleka. Maduka mengi ya vitabu huchukua vitabu vya watu kama sisi kwa mali kauli tu, yaani wanakulipa wakishauza, na sehemu yao mara nyingi ni asilimia 30 hadi 40. Kwenye 25,000, asilimia 40 ikiondoka unabaki na 15,000, na ile nakala ya dijitali haikuachii hata nauli ya bodaboda. Kwa hiyo nakala za kwanza uza mwenyewe. Dukani nenda baada ya kitabu kujulikana, na hapo ndipo ofseti inapoanza kuwa na maana.

Halafu kuna kitanda. Maboksi hukaa chini yake mpaka mvua za Machi hadi Mei, kisha kurasa zinajikunja na jalada linaota madoa. Mchwa nao ni wasomaji wazuri sana. Na kosa likionekana ukurasa wa pili, kwenye nakala 50 unalirekebisha chapa ijayo. Kwenye elfu moja utaishi nalo. Nimewaona watu wakibandika vibandiko kitabu kwa kitabu, usiku kucha, kwa sababu jina la mfadhili lilikosa herufi moja.

Ukiwa lazima uende ofseti, basi angalau hesabu kurasa zako. Kwa kitabu cha kimo cha kawaida, karatasi kubwa ikishakunjwa aghalabu hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 128 kinakaa sawasawa kwenye karatasi nane. Cha kurasa 130 kinadai karatasi ya ziada kwa ajili ya kurasa mbili, ambazo kwa kawaida ni shukrani kwa watu ambao hawatakinunua.

Ushauri wangu, na huu sitauacha hata mkinicheka: chapa nakala moja. Moja tu. Iweke kando wiki nzima, kisha isome kwa sauti kuanzia sura ya mwisho ukirudi nyuma. Wakati huohuo wapigie watu wanaosema watanunua, waambie watume pesa kwa simu leo. Idadi ya waliotuma, ongeza kidogo, ndiyo idadi ya kuchapa. "Nitanunua, mwalimu, usijali" si oda.

Dhana: Kiswahili kimekuwa lazima, shule zitanunua

Hii ndiyo mama wa ile ya kwanza, ndipo elfu moja inapozaliwa. Ni kweli mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima. Ni kweli Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022. Lakini vitabu vya kiada huhakikiwa na Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, NCDC, pale Kyambogo, nao wanaangalia kama kitabu kinafuata mtaala. Diwani yako ya mapenzi haifuati. Mwalimu mkuu anaweza kukupenda sana na bado asiwe na fungu la kununulia. Shule ikitaka kitabu chako, iandike barua yenye idadi na tarehe ya kulipa. Ndipo uchape.

Dhana: Nimepata ISBN, hakuna anayeweza kuniibia

ISBN ni namba ya utambulisho ya tarakimu 13 inayowasaidia wauzaji na wakutubi. Hapa kwetu hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda, na namba zetu huanza na 978-9970 au 978-9913. Haikulindi na mwizi, wala haimaanishi kwamba serikali imekisoma kitabu na kukipenda. Hakimiliki unayo tangu ulipoiandika kazi, kwa Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, si sharti, ila kunakupa ushahidi ukifika mahakamani. Kujitumia muswada kwa posta ili mhuri wa tarehe uwe ushahidi, tafadhali, tuache.

Na toleo la kielektroniki linahitaji ISBN yake. Usilitumilie ile ya kitabu cha karatasi.

Dhana: Mwalimu wangu wa Kiswahili ameshakipitia

Amesahihisha ngeli, ahsante yake. Je, amekwambia sura ya tatu haina kazi? Kwamba shangazi aliyekufa ukurasa wa 40 anapika ugali ukurasa wa 71? Hiyo ni kazi ya mhariri, na mhariri hulipwa. Pesa utakayookoa kwa kutochapa elfu moja inamtosha.

Dhana: Nikikiweka Amazon, dola zitaingia zenyewe

Ile asilimia 70 ya mrabaha, yaani sehemu ya bei anayolipwa mwandishi, inayotangazwa kwa vitabu vya kielektroniki ina masharti, mojawapo bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99. Nje ya hapo ni 35. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mrabaha wa mauzo ya kule hukatwa asilimia 30 kabla haujakufikia. Kiweke, hakuna ubaya, ila usikopee SACCO kwa matumaini hayo.