Dhana potofu kuhusu hoja za fanksheni za mfululizo wa wakati katika R

Dhana potofu: Katika R, lugha ya programu ya takwimu, ujumbe «time series has no or less than 2 periods» (mfululizo hauna vipindi au una pungufu ya viwili) huonyesha kwamba data ni chache.

Ukweli: Mara nyingi data zinatosha, ila hoja (yaani thamani inayopewa fanksheni) ya `frequency`, idadi ya vipimo kwa mwaka, haikutajwa. Chukua AirPassengers, data inayokuja na R yenyewe, ambayo ni idadi ya abiria wa ndege wa kimataifa kwa kila mwezi kuanzia Januari 1949 hadi Desemba 1960, yaani vipimo 144. Mtu akizipitisha namba hizo tupu kwenye `ts()`, fanksheni inayounda mfululizo wa wakati, na kuandika `start = 1949` pekee, R huchukulia kuwa kila mwaka una kipimo kimoja, na mfululizo wa miaka 12 hugeuka kuwa wa miaka 144, unaoishia 2092. Hapo programu hainung'uniki hata kidogo. Kelele huja baadaye, `decompose()`, inayotenganisha mwelekeo na msimu, inapotafuta msimu na kuukosa. Kwa hiyo marekebisho hayafanywi kwenye mstari uliotoa ujumbe, bali pale mfululizo ulipoundwa, kwa kuongeza `frequency = 12`. Pia, anayeandika `start = 1949.10` akikusudia Oktoba ajue kwamba R huisoma kama 1949.1, ambayo huangukia Februari. Oktoba ni `c(1949, 10)`.

Dhana potofu: Hoja isiyohusika lazima ikataliwe.

Ukweli: Hukataliwa, kwa ujumbe «unused argument» (hoja isiyotumika), pale tu fanksheni isipokuwa na nukta tatu, `...`, zinazopokea chochote kilichobaki. Modeli ya utabiri iliyotengenezwa kwa `arima()` ikipewa `predict(modeli, h = 12)`, hurudisha utabiri wa mwezi mmoja tu bila onyo lolote, kwa kuwa `h`, idadi ya vipindi vya kutabiri, ni hoja ya fanksheni nyingine, `forecast()`, ilhali `predict()` hapa hutambua `n.ahead`. Kwa maoni yangu kimya hiki ni kibaya kuliko kosa lenyewe, kwani jedwali pungufu linaweza kufika kwenye ripoti.

Dhana potofu: `lag()`, fanksheni inayosogeza mfululizo kwa vipindi kadhaa, ni ileile popote.

Ukweli: Kifurushi cha dplyr kikipakiwa, `lag()` yake huifunika ile ya awali ya kifurushi cha stats, na hoja yake ni `n`, si `k`. Andika `stats::lag(x, k = -1)` ukitaka thamani ya kipindi kilichopita; alama ya kutoa ni ya lazima, maana `k` chanya huusogeza mfululizo nyuma kwenye kalenda.