Damu nyekundu si ruhusa ya kupiga sabu

Vijana wengi ninaocheza nao gemu za kupigana hapa Kirumba, Mwanza, wanakijua kitufe cha sabu, kile cha kumtoa mpiganaji wako na kumwingiza mwenzake, kabla hawajajua kukinga. Damu ikishuka tu, kidole kinaenda pale pale: mtu wao anageuka kukimbia, mwenzake anaingia kifua wazi, anapokelewa na kombo, yaani mapigo mfululizo, raundi imeisha. Kisha wanasema gemu inaonea. Haionei. Damu inakupa sababu ya kupiga sabu, lakini ruhusa anakupa mpinzani, kwa jinsi alivyo sekunde ile. Katika yote ninayowafundisha, hili ndilo lililookoa raundi nyingi zaidi.

Nianze na Tekken Tag Tournament, kwa sababu mabanda ya gemu ninayoyajua mimi bado yana PS2 na diski hiyo haikosekani. Ilitoka kwenye mashine za kumbi za gemu mwaka 1999, ikaja PS2 mwaka 2000. Una watu wawili, mmoja ndani, mmoja nje. Ukipigwa, sehemu ya damu uliyopoteza inabaki nyekundu kwenye mstari, na hiyo nyekundu inarudi polepole mtu huyo akikaa nje. Faida ya sabu iko hapo. Ila sharti lake ni gumu: mmoja wao akiishiwa damu raundi umepoteza, hata kama wa nje hajaguswa. Ndiyo maana sabu mbaya inauma kuliko kukinga ukiwa na damu kidogo. Unaweza kumpoteza mtu mzima kabisa kwa kumwingiza vibaya.

Sasa angalia kinachotokea ukibonyeza. Aliyekuwa ndani anatoka, mwenzake anaingia mbio, na mtu anayekimbia kwenda mbele hajakinga. Gemu hizi hutembea kwa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka ya wahusika wengi wa Tekken inafika kwenye fremu ya 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Macho na vidole vya binadamu vinataka kama robo sekunde kuona kitu na kukijibu, ambayo ni fremu 15. Jumlisha: fremu 25, haijafika nusu sekunde. Mpinzani aliyesimama karibu, mikono huru, akiiona sabu yako ana muda wa kutosha kumpokea mgeni. Hahitaji kubahatisha.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: hizo fremu 25 mpinzani anazo? Kama hana, bonyeza.

Ruhusa iliyo bora kuliko zote ni mpinzani akiwa hewani. Kuna mapigo ya kumrusha juu ambayo ukibonyeza sabu palepale mwenzako anaingia wakati jamaa bado anaelea, na anaendeleza kombo. Hapo umebadilisha mtu na umeongeza maumivu kwa mkupuo mmoja. Si kila pigo la kurusha linakubali hivyo, kwa hiyo lijue la kila mtu unayemtumia. Anayecheza na mpiganaji kama King na hajui ni pigo lipi kati ya mapigo yake linafungua mlango wa sabu, anacheza na nusu ya King.

Inayofuata ni kumwangusha mbali. Neno la kushika ni mbali. Anayeangushwa karibu, akibonyeza kitufe wakati mgongo unagusa chini, anabiringika na kusimama papo hapo, na wewe ulishageuka kukimbia. Viwanja vya Tekken Tag ya kwanza havina ukuta, hivyo teke zito linampeleka mtu mbali kweli. Hata akisimama haraka, njia ya kurudi ni ndefu. Kwenye Tekken Tag Tournament 2, iliyofika majumbani mwaka 2012, viwanja vingi vina kuta. Teke lile lile likimpeleka ukutani badala ya uwanja wazi, umbali uliokuwa ukiutegemea haupo, na mara nyingi ni heri umalizie kombo kuliko kupiga sabu.

Na kuna Eddy, mmoja wa wapiganaji wa Tekken. Kila banda lina bingwa wake wa Eddy, na sabu nyingi zinafia mikononi mwake. Juzi kijana mmoja alikuwa na Hwoarang, damu karibu yote nyekundu, Eddy wa mwenzake amelala chali. Akabonyeza sabu. Eddy akapiga akiwa pale pale chini, Jin aliyekuwa anaingia akafagiliwa miguu.

"Kaka, si alikuwa chini?"

"Nani alimwangusha?"

Akanyamaza, akacheka, akaelewa. Hakuna aliyemwangusha. Eddy hulala mwenyewe, na akilala hivyo yuko tayari kupiga kama wengine walivyo tayari wakisimama. Mtu aliye chini kwa pigo lako unamjua: mwili umedunda, miguu imeachia. Aliyelala kwa hiari yake mhesabu amesimama. Jizoeze kuangalia alivyofika chini, usiangalie tu kwamba yuko chini.

"Sasa damu ilikuwa imeisha, ningefanyaje?" Swali hilo naulizwa kila mara, na jibu ni kukinga. Kinga mpaka kombo yake iishe, rudi nyuma hatua, subiri kosa lake, muadhibu kwa pigo la kumrusha au la kumpeleka mbali, ndipo upige sabu. Wavuvi wawili wakitaka kubadilishana nafasi kwenye mtumbwi, husubiri kwanza wimbi lipite. Nyekundu haiongezeki wala kupungua ukiwa umekinga vizuri. Inakusubiri.

Kuna mtego mwingine. Aliye ndani akipigwa sana, mstari wa damu wa aliye nje unaanza kumeta. Maana yake amepandwa hasira, akiingia sasa mapigo yake yatakuwa mazito kwa muda mfupi. Watu wakiuona mwanga ule wanapapatika. Hasira ile nayo ni sababu tu, na mpinzani mwenye akili anauona mwanga huo huo na anakungoja mlangoni. Mimi naona ni bora uiache ipotee kuliko kumwingiza mtu kwenye mguu uliokwisha kunyanyuliwa.

Wenye PS4 wanaocheza Dragon Ball FighterZ, ya 2018, hesabu yao inabadilika kidogo. Mna watu watatu, na pambano haliishi mpaka wote watatu waishe, kwa hiyo kosa moja la sabu linagharimu mtu mmoja badala ya raundi nzima. Halafu gemu hiyo inakuuzia ruhusa: ukiwa unakinga, bonyeza mbele pamoja na kitufe cha mwenzako, lipa kiwango kimoja cha ki, yaani nguvu uliyojaza ukipigana, naye anaingia na pigo la kumsukuma mpinzani. Ultimate Marvel vs. Capcom 3 nayo ina biashara kama hiyo, kwa bei hiyo hiyo ya kiwango kimoja. Mimi huwaambia vijana watunze kiwango hicho hata kama mkono unawasha kukitumia kwenye pigo kubwa. Ila sabu ya bure, ya kubonyeza tu, ina hatari yake humo pia: kwenye Marvel anayeingia anashuka na pigo, na likikingwa anabaki wazi.

Jambo moja kuhusu tivii, maana linabadilisha kila nilichosema juu ya fremu. Tivii ya chogo haicheleweshi picha. Flati nyingi huchelewesha kidogo, na unachokiona kimeshapita. Kama flati yako ina hali ya gemu kwenye mpangilio wa picha, iwashe. Kama haina, punguza sabu zako zibaki mbili: hewani, na mbali kabisa.

Kupima ni kazi ya mchana banda likiwa tupu. Ingia sehemu ya mazoezi, mwenzako ashike pedi ya pili, na simu irekodi kioo kwa fremu 60. Mwangushe kwa teke unalolipenda, piga sabu, yeye asimame haraka awezavyo na kukimbilia kupiga. Kisha irudie video polepole, picha kwa picha. Ukiona anayeingia amesimama na amekinga kabla mguu wa mpinzani haujanyooka, teke hilo lihesabu kwamba ni lako la sabu. Likishindwa, jaribu linalofuata kwenye orodha ya mapigo ya mtu wako, na umwombe mwenzako abiringike upande mwingine, kwa sababu umbali haulingani pande zote.