Kutaja mimba kwenye hadithi si kufundisha uchafu

Wazazi wengi huku Mtwara wanaamini riwaya ya mtoto wa miaka 12 au 13 ikigusa mapenzi, mimba au ukatili, basi inamfundisha uchafu. Si kweli. Mavuno yakiisha, wasichana wa rika hilo, na wengine wadogo zaidi, wanaingizwa unyagoni, wavulana jandoni, na mambo ya mwili wanaimbiwa waziwazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa msichana kuolewa. Mahakama ya Rufani ilikuja kukikataa kifungu hicho mwaka 2019. Mtoto anayeambiwa "sasa umekua", kisha akanyimwa hadithi ya kumsaidia kufikiri, tumemtelekeza.

Cha kupima ni namna ya kusimulia. Mwandishi anaweza kumwonyesha binti wa Newala anayerubuniwa na mtu mzima kwa chipsi na lifti ya bodaboda: hofu yake, siri inayomlemea usiku, shangazi anayemsikiliza bila kumkaripia. Tendo lenyewe halihitaji kuchorwa. Mlango unafungwa, sura inaisha, msomaji ameelewa. Maelezo ya kuamsha tamaa hayana nafasi kwenye kitabu cha rika hili, na hapo nasimama na wazazi kabisa.